Jino la mbele la bastola limeingia ukungu: uzi wa wenye macho ya miaka hamsini kwenda mbele

Mzee wa Asali (mleta uzi), Tabora

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa watu wazima wanaomiliki bastola kihalali na wameanza kuona shabaha inawakimbia. Vijana karibuni pia, maana haya mtayafikia.

Mwaka huu natimiza 58. Kazi yangu ni asali na nta, naishi Tabora mjini na kila msimu nazunguka Sikonge na Kaliua kukusanya mzigo. Bastola nimeimiliki miaka mingi, leseni yake sijawahi kuichelewesha, na kila baada ya miezi michache naenda kufyatua risasi chache kwa utaratibu unaoruhusiwa ili mkono usisahau.

Mara ya mwisho nilirudi nyumbani nimenyamaza. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua la kiangazi liko begani. Katoni imesimamishwa mita 15, katikati kuna duara jeusi la ukubwa wa kisosi. Nikanyoosha mikono. Duara naliona vizuri kabisa, hata mikunjo ya katoni naiona. Lakini jino la mbele halipo. Lipo, ila halina kingo, limekuwa kama kivuli cha kidole ukutani taa ikiwa mbali. Nikilitazama sana linajigawa mawili. Nikafyatua kumi, sita tu zikakaa kwenye katoni, nazo zimetawanyika kama mtama uliomwagwa.

Kwa asiyejua ninachosema: nyuma ya bastola kuna kibati chenye pengo, na mbele, juu ya mdomo wa mtutu, kuna kijino. Kulenga ni kulikalisha jino katikati ya pengo, nafasi za kushoto na kulia ziwe sawa, vichwa viwe usawa mmoja, ndipo ulipeleke jino kwenye shabaha. Jicho la binadamu haliwezi kuona wazi vitu vitatu vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana waliotufundisha walisema tazama jino, shabaha na pengo viache vififie. Sasa mimi jino lenyewe ndilo linalofifia.

Nimesikia wenzetu wa nje wanapaka jino rangi kali. Nimeshajaribu mara moja nikaharibu, nitaeleza. Nataka tukusanye uzoefu hapa: rangi gani, inapakwaje, inadumu muda gani?

Kijana wa Nzega

Shikamoo mzee. Naweka kambi hapa. Baba mdogo ana shida hiyo hiyo na hataki kukubali kwamba ni macho, anasema bastola imechakaa.

Swali: kwa nini usifunge ile darubini ndogo yenye nukta nyekundu? Nimeona inauzwa mtandaoni.

Mzee wa Asali (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Nukta nyekundu ni kitu kizuri kwa macho yetu, sikatai. Faida yake ni kwamba unatazama shabaha tu na nukta inaonekana imekaa juu ya shabaha, hakuna habari ya jino wala pengo. Lakini bastola yangu ni ya zamani, slaidi yake, kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, haikuchongwa kupokea kifaa hicho. Ukitaka kukifunga lazima chuma kikatwe, na kukata chuma cha silaha si jambo la kumpelekea fundi wa mageti. Pia mwenye jicho lililopinda, ile wanayoiita astigmatizimu, haoni nukta, anaona kama nyota imepasuka au koma. Rangi ni ya shilingi elfu kadhaa na ukikosea unaifuta.

Nieleze nilivyokosea. Nilikuwa na rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki nilipopaka mlango wa ghala. Nikachovya kijiti cha kiberiti, nikapaka. Kosa la kwanza, sikuondoa mafuta ya bunduki kwenye jino. Kosa la pili, nilipaka nene, na ilipokauka kukawa na tone limesimama juu ya jino kama chunusi. Kosa la tatu ni wekundu wenyewe.

Lile tone lilinifundisha hesabu. Kutoka pengo hadi jino kwenye bastola yangu ni kama sentimita 16. Shabaha iko mita 15. Gawanya 15,000 kwa 160, unapata karibu 94. Maana yake kila milimita moja inayoongezeka kwenye kimo cha jino, risasi inashuka karibu milimita 94 huko mbele. Tone langu lilikuwa kama milimita 0.3, basi risasi zilishuka karibu sentimita 3. Jino likipanda risasi inashuka, ni kinyume na mtu anavyodhani, kwa sababu ili kichwa cha jino kirudi usawa wa pengo inabidi uinamishe mtutu.

Na wekundu: nyuma ya shabaha zetu kuna tuta la udongo, na udongo wetu mnaujua. Jino jekundu juu ya tuta jekundu likapotea kabisa. Jua lilipozidi kushuka likawa jeusi.

Nesi wa Macho, Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Mimi sishiki silaha, ila kitengo changu ni macho, na hapa nina la kusema.

Hicho unachokieleza ni lenzi ya jicho kukakamaa. Ukiwa mtoto lenzi ni laini, msuli ukivuta inabadilika umbo, unaona sisimizi kwenye kiganja na mwewe angani bila kuhangaika. Kuanzia kama miaka 40 ugumu wake unaanza kumsumbua mtu, ndipo anaanza kusogeza Biblia au gazeti mbali. Ukifika karibu 60 uwezo wa kuvuta umebaki kidogo sana. Si ugonjwa, ni umri. Juu ya hapo mboni inakuwa ndogo na lenzi inaanza umanjano, kwa hiyo mwanga unaoingia ndani unapungua. Ndiyo maana jioni inakusumbua kuliko saa nne asubuhi.

Kuhusu wekundu, mchana jicho la binadamu linahisi zaidi rangi iliyo kati ya njano na kijani, mawimbi ya nanomita 555 hivi. Giza likianza kuingia, uwezo unahamia upande wa kijani-bluu na nyekundu ndiyo ya kwanza kufa. Kwa hiyo jino lako halikubadilika rangi jioni ile. Jicho lako ndilo lililobadilisha namna ya kuona. Bluu nayo usiijaribu, lenzi yenye umanjano inaimeza.

Sasa nakuuliza, ulivaa miwani gani siku hiyo?

Mzee wa Asali (mleta uzi)

Marahaba mama. Nilijaribu bila miwani, halafu na ya kusomea, plasi 2.50. Ya kusomea ilikuwa mbaya zaidi, katoni ikapotea na jino likabaki na ukungu. Nilikwenda duka la miwani nikamwambia kijana nataka kuona ncha ya kitu nilichokishika mkono umenyooka. Hakupima chochote. Akanipa plasi 3.00, akaniambia hizi ndizo kali. Nikazilipia, na ziko kabatini mpaka leo.

Nesi wa Macho, Kigoma

Pole sana. Ngoja nikueleze kwa nini zilikataa, halafu utaenda kudai kilicho sahihi.

Chukua namba 1, igawe kwa namba ya miwani, unapata umbali kwa mita ambao jicho lililokwisha kukakamaa litaona wazi. Plasi 2.50 ni sentimita 40, umbali wa kitabu. Plasi 3.00 ni sentimita 33. Jino lako liko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo lenzi zote mbili zimelipita. Mwambie mtu akupime kwa kamba, mikono imenyooka kama unavyolenga, kutoka kwenye jicho hadi jino. Bastola iwe tupu, au shika tu kipande cha mti chenye urefu huo huo.

Mzee wa Asali (mleta uzi)

Mke wangu amenipima sasa hivi kwa futi ya cherehani, nimeshika mwiko wa ugali. Sentimita 68.

Nesi wa Macho, Kigoma

Vizuri. 1 gawanya kwa 0.68 ni karibu 1.47. Kwa hiyo plasi 1.50 juu ya namba yako ya kuona mbali italikata jino wazi kabisa, lakini duara la mita 15 litafifia sana. Watu wengi wa rika lako wanatulia kwenye 0.75 au 1.00: jino linakuwa wazi la kutosha na shabaha haipotei. Usinunue kwa kubahatisha. Nenda na kamba yako yenye fundo, mwambie anayekupima akujaribishie lenzi kwenye fremu ya majaribio huku ukitazama kidole cha mkono ulionyooka, kisha ukutani. 

Miwani ya sehemu mbili ina lenzi ya karibu chini, kwa hiyo utalazimika kuinua kidevu ndipo uone jino, na shingo itakuuma. Tengeneza ya lenzi moja.

Lakini kabla ya miwani na rangi, fanya jambo hili. Toboa kadi ngumu kwa sindano, weka tundu mbele ya jicho moja, funga jingine, tazama maandishi unayoyaona kwa ukungu. Yakiwa wazi zaidi kupitia tundu, shida yako inarekebishika kwa miwani. Yasipobadilika au yakizidi kuwa mabaya, usinunue kitu chochote, nenda ukaangaliwe ndani ya jicho. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa presha ya macho, inaweza kuwa kisukari kimefika kwenye retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Hayo hakuna rangi itakayoyasaidia.

Mstaafu wa Ugalla, Urambo

Madini matupu humu. Niongeze la kwangu. Nimefanya kazi porini miaka mingi. Zile bunduki kubwa za wawindaji wa zamani nyingi zilikuwa na ushanga mweupe kwenye jino la mbele, umechongwa kwa pembe au jino la ngiri, wengine wanaukunja chini na kuuinua giza likianza. Basi kupaka jino si mambo mapya, ni ile akili ya zamani kwa rangi ya dukani.

Na pengo la nyuma msilipake. Kosa la wengi ni kupaka kote, macho yanakuwa na vitu viwili vinavyong'aa, hayajui yashike kipi. Sisi tulikuwa tunalifukiza pengo kwa masizi ya kibatari. Unapitisha moshi mara mbili tatu, chuma kinakuwa cheusi tititi bila mng'ao, na ukimaliza unapangusa kwa kitambaa. Silaha tupu kabisa lakini, na risasi ziwe chumba kingine. Kama nyuma kuna nukta nyeupe za kiwandani, zizibe kwa kalamu nyeusi ya wino mzito.

Kijana wa Nzega

Wazee, na sheria je? Isije mtu akapaka rangi akaambiwa amebadilisha silaha.

Mzee wa Asali (mleta uzi)

Swali la maana. Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mimi kabla ya kugusa kitu nilikwenda kumweleza askari anayeshughulikia leseni hapa, nikamwonyesha jino lenyewe. Hakuona tatizo, kwa kuwa rangi haigusi mtambo na inafutika. Nawashauri nanyi mkaulize huko mliko, ni dakika kumi tu. Jambo moja msicheze nalo: namba ya silaha isiguswe na rangi, isikwanguliwe, isifunikwe.

Nimerudi na matokeo ya jaribio la pili. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu.

Nilitoa magazini, nikavuta slaidi, nikatazama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho, nikapitisha kidole kidogo, kisha nikampa mwanangu mkubwa naye atazame. Risasi nikazifungia kabatini chumbani, mimi nikakaa barazani. Jino nikalisugua kwa pamba ya masikio yenye spiriti, pamba tatu mpaka ya mwisho ikatoka nyeupe. Baada ya hapo sikuligusa kwa kidole, maana kidole kina mafuta. Wengine wanatumia dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ni sawa kwa jino la chuma, ila kama bastola yako ina jino la plastiki au mwili wa plastiki, ile dawa yenye asetoni inaweza kuila. Spiriti inatosha. Na kama jino lako lina kichupa cha tritiamu, kile kinachong'aa chenyewe gizani, au uzi wa plastiki unaokusanya mwanga, usipake chochote juu yake.

Nikazungushia utepe wa karatasi wenye gundi wanaotumia mafundi rangi, ikabaki wazi ile sura tu inayonitazama. Rangi niliyotumia ni ya kucha. Binti yangu ndiye aliyenichagulia sokoni, kijani chenye umanjano, ile inayowaka kama fulana za waendesha bodaboda. Rangi hizi zinazowaka zinapitisha mwanga. Ukizipaka juu ya chuma cheusi zinakuwa za matope, kwa hiyo lazima chini kuwe na weupe. Weupe nilitumia rangi nyeupe ya kucha, mikono miwili myembamba, yaani nilipaka mara mbili. Ile dawa nyeupe ya kufutia makosa ya kalamu nayo inafaa kwa haraka, ila inabanduka upesi.

Kijiti cha meno nilikichonga ncha iwe bapa. Unachovya, unapangusa upande mmoja kwenye mdomo wa chupa, unagusa katikati ya jino na kuiacha rangi itembee yenyewe hadi pembeni. Usisugue. Nilivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, ili nione. Weupe ukakauka, kijani mikono miwili, nikaacha mpaka kesho yake, kisha mkono mmoja wa ile ya kucha isiyo na rangi, ili kulinda. Nilipobandua utepe, ukingo wa juu ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Juu ya kichwa cha jino hakuna hata tone.

Kuna wanaopaka nukta tu katikati. Mimi siipendi. Jicho linaifuata nukta, unaanza kuilinganisha nukta na kichwa cha pengo badala ya kichwa cha jino, mtutu unainuka na risasi zinakwenda juu. Paka sura yote mpaka ukingoni.

Binti wa Sikonge

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma tangu mwanzo. Baba ana miaka 71, ana gobori la leseni kwa ajili ya kulinda kambi ya mizinga. Ananiambia ushanga wa mbele haoni kabisa. Nimempimia ile kadi ya sindano ya nesi, anasema anaona ukungu ule ule, na taa za gari usiku zinamtawanyikia. Je, nimpakie hiyo ya kijani?

Nesi wa Macho, Kigoma

Marahaba mdogo wangu. Usipake. Mwanga kutawanyika na kadi kutosaidia, hiyo inanifanya nifikirie mtoto wa jicho. Mpeleke akaangaliwe mapema, na mwambie aache kushika silaha mpaka aangaliwe. Kama hauoni ushanga wa bunduki yake mwenyewe, hawezi kuwa na hakika kilichopo mbele yake ni nyani au ni mtoto anayeokota kuni.

Mzee wa Asali (mleta uzi)

Sikiliza nesi, binti yangu. Mwambie baba ni mimi mzee mwenzake ninayesema. Silaha ikabidhiwe polisi itunzwe kwa maandishi, hiyo si aibu.

Mzee wa Asali (mleta uzi), wiki tatu baadaye

Miwani imekuja, plasi 1.00 juu ya namba yangu ya mbali, lenzi moja, plastiki ngumu ya kuzuia ganda la risasi lisinirukie. Jana nilikwenda. Nilianza saa nne asubuhi kisha nikarudi jioni saa ile ile iliyoniumiza.

Asubuhi, jino limesimama kwenye pengo kama ncha ya jani la mahindi, kingo zake nazihesabu. Duara la mbele limefifia kidogo lakini najua lilipo. Kumi zote kwenye katoni, saba ndani ya kisosi. Jioni rangi ilipungua ila haikuzimika, zikaingia tisa, tano ndani ya duara. Nilijaribu pia rangi bila miwani: jino nalipata haraka, ila kingo hazipo, na zilitawanyika karibu kama mwanzo. Kwangu rangi inanionyesha jino liko wapi, miwani inanionyesha linaishia wapi.

Baada ya risasi zile rangi haijabanduka. Mafuta ya kusafishia mtutu yaliidondokea kwenye kona na ikalainika, kwa hiyo sasa nasafisha nikiwa nimefunika jino kwa kipande cha utepe.

Binti wa Sikonge, baba yupoje?

Binti wa Sikonge

Marahaba… samahani, shikamoo mzee, furaha imenichanganya. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limefanyiwa upasuaji Jumanne. Walipotoa bandeji aliniangalia akasema shati langu ni la zambarau, alidhani siku zote ni jeusi. La kushoto amepangiwa baadaye. Gobori liko polisi, karatasi ninayo mimi. Ameniambia nikuulize, akirudishiwa, ule ushanga wa mbele ni wa shaba, aung'arishe au aupake?

Mzee wa Asali (mleta uzi)

Marahaba mwanangu, Mungu ni mwema. Mwambie asiupake. Jicho la kushoto likipona, ausugue kwa majivu laini na kitambaa, silaha ikiwa tupu, kisha asimame kambini jua likiwa nyuma yake na autazame. Shaba ikimwakia inatosha.